UZI: "Kutuliza" maumivu maana yake nini hasa? Tuzungumze kuhusu mofini na wagonjwa wetu wa nyumbani

Nesi wa Kaya

Wana jamvi, habari za jioni. Wakubwa wangu, shikamooni.

Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kutembelea wagonjwa majumbani: wenye saratani zilizosambaa, wenye moyo ulioshindwa kazi, wazee waliopigwa na kiharusi wakabaki kitandani. Huku kwetu Tanzania kazi hii inaitwa tiba shufaa. Kuna kitenzi kimoja kinachotukwamisha mara kwa mara, nacho ni "kutuliza". Daktari akiandika kwenye karatasi "arudi nyumbani, atulizwe maumivu", ndugu wanasoma hukumu. Wanaanza kupigiana simu kuhusu gari la kumpeleka kijijini, wengine wanazungumzia mchango, na mgonjwa mwenyewe anaumwa vilevile kama alivyoumwa jana.

Ninachotaka tuelewane ni kwamba kutuliza ni tiba. Ina dawa zake, na kwa maumivu makali dawa hiyo ni mofini; ina namna ya kupima, ina saa zake, na ikifanywa sawasawa matokeo huonekana upesi, mara nyingi ndani ya siku chache. Mama aliyekuwa analala ameketi anaweza kulala ubavu. Mtu aliyekuwa amegeukia ukutani anaomba uji, anauliza mahindi yamepaliliwa au bado, anataka kuoga. Saratani ipo palepale, hakuna aliyesema imeondoka. Kilichoondoka ni yale mateso yaliyokuwa yamemfunika asionekane.

Watu wanaougua saratani ya mlango wa kizazi au ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa hawaumwi kama mtu aliyeteguka mguu. Maumivu yao hayana mapumziko, usiku na mchana ni yaleyale. Ndiyo maana parasetamo mbili "akizidiwa" hazisaidii kitu. Akisubiri azidiwe ndipo ameze, kila siku atakuwa anayakimbiza maumivu yaliyokwisha kumtangulia.

Naomba uzi huu tuutumie kuulizana. Kama una mgonjwa nyumbani, uliza bila haya. Kama wewe ni mtaalamu, changia.

Kibo Mweusi

Dada nesi, asante kwa bandiko. Baba yangu ana saratani ya umio, yaani njia ya chakula, tulipewa majibu kabla ya Pasaka. Hospitali walituambia upasuaji hautawezekana. Sasa hivi tunamwita jirani anayejua kuchoma sindano, anampiga diklofenaki kila jioni. Anapata nafuu kidogo, saa sita usiku anaanza tena kugugumia. Kuna mtu alitaja mofini, lakini mama amekataa kabisa, anasema hiyo ni ya mtu wa kukata roho na tukimpa tumemuaga. Nisaidie nimwambie nini.

Nesi wa Kaya

Kibo, pole sana wewe na mama. Hofu ya mama naielewa kwa sababu ameiona kwa macho: zamani mofini ilikuwa inaletwa siku mbili za mwisho, mgonjwa anafariki, watu wanaunganisha vitu viwili. Mgonjwa alikuwa anakufa kwa saratani. Dawa ilichelewa tu kufika.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa maumivu ya saratani mwaka 1986, na msingi wake ni ngazi yenye vidato vitatu. Kidato cha kwanza ni parasetamo, ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zake. Maumivu yakizidi hapo, unaongeza dawa ya kidato cha pili kama kodeini. Yakiwa makali unapanda kwenye mofini. Hakuna mahali palipoandikwa "mofini ni ya siku ya mwisho". Kinachoamua ni ukali wa maumivu, basi. Kuna watu wanaitumia miezi, wengine zaidi ya mwaka, na wanakwenda kanisani na sokoni.

Kingine ni saa. Mofini ya maji hufanya kazi kama saa nne hivi, kwa hiyo hutolewa kila baada ya saa nne, aumwe au asiumwe, na dozi ya kulala huwa kubwa zaidi ili familia nzima ipate usingizi. Kwa mwenye saratani ya umio dawa ya maji ni nafuu kubwa kwa sababu vidonge vinamkwama. Ikifika mahali hata maji hayapiti, mwambieni mtoa huduma mapema: dawa inaweza kupitishwa kwenye mrija au kuchomwa chini ya ngozi. Pia ulizeni kama anaweza kuwekewa stenti, ule mrija unaopanua umio ili chakula kipite. Hospitali ya Tenwek kule Bomet, Kenya, inafahamika sana kwa kazi hiyo, maana saratani ya umio imekaa sana kwenye ukanda huo.

Na hiyo diklofenaki ya kila jioni iangaliwe upya na daktari. Ikitumika muda mrefu inaweza kuchubua tumbo hadi likavuja damu, na inasumbua figo. Watu wanaiamini kwa sababu ni sindano. Mofini wanaiogopa wakati ni kijiko cha maji mdomoni.

Mzee wa Pangani

Marahaba mwanangu nesi. Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote, nami naomba kuchangia upande wangu, kwa kuwa naona tatizo limeanzia kwenye vitenzi.

Kutuliza kumetoka kwenye kutulia. Bahari hutulia, upepo hutulia, mtoto anayelia hutulia. Kwa hiyo kutuliza ni kukifanya kilichokuwa na msukosuko kikae. Kitenzi hiki hakisemi kwamba bahari imekauka. Msukosuko umekwisha, bahari ipo. Ukimwambia mtu "nimeyatuliza maumivu" hujamdanganya kwamba umeuondoa ugonjwa, na wala hujamwambia kwamba umeshindwa.

Sasa jirani zake. Kuliwaza ni kazi ya maneno na ya kukaa pamoja: unamliwaza aliyeachwa, unamliwaza mwenye huzuni. Kufariji kumebeba faraja, neno tulilolipata kwa Waarabu, na ndani yake mna maana ya dhiki kufunguka. Ndiyo wahenga wakasema baada ya dhiki faraja. Kuhani ni kwenda kwa wafiwa, pale mtu ameshaondoka. Halafu tunalo la kale zaidi, kuganga. Mganga kapata jina lake hapo. Kuganga kunabeba kutibu, lakini pia tunasema kuganga njaa, yaani kula kidogo siku ipite. Na tunasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Nawaambia haya kwa sababu nimeona katika nyumba zetu watu wakimwendea mgonjwa kwa kitenzi kisicho chake. Mtu mfupa unamuwaka moto, sisi tunakuja kumliwaza: "jikaze, Mungu yupo, kila kitu kina mwisho". Maneno mazuri kabisa, lakini yamefika kabla ya dawa. Wengine vibaya zaidi, wanakuja kuhani wakati mtu bado anapumua. Wanakaa sebuleni wameshika tama, wanazungumza kwa sauti ya matanga, na mgonjwa anawasikia. Maumivu hutulizwa, moyo huliwazwa. Kimoja hakifanyi kazi ya kingine.

Nesi wa Kaya

Mwalimu, umenisaidia kuliko unavyofikiri. Aliyeianzisha kazi hii katika sura tunayoijua leo ni Mwingereza, Cicely Saunders. Alianza kama muuguzi, akawa ofisa wa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari, na mwaka 1967 akafungua hospisi, yaani kituo cha kutunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, ya St Christopher's jijini London. Fundisho lake kubwa ni kwamba mtu anayeumwa sana anaumwa kote: mwili, akili, mahusiano na ndugu, na imani yake. Baba anaweza kuwa amepewa dawa ya kutosha na bado halali kwa sababu shamba limo kwenye mgogoro na hajasema kwa nani liende. Hapo usiongeze mofini, mwiteni kaka yake wazungumze. Lakini Saunders huyohuyo ndiye aliyesisitiza dawa itolewe kwa saa bila kusubiri mgonjwa alie. Mwili kwanza. Mtu anayejikunja kwa maumivu hawezi kuongea habari za shamba.

Mkweli Daima

Samahani, nitasema kile wengi wanachokiwaza. Nyie mnazungumza mofini wakati zahanati yetu hata parasetamo inakwisha tarehe kumi. Shangazi yangu alikuwa na saratani ya titi iliyopasuka. Tulikwenda hospitali moja kubwa na cheti, mtu wa dirishani akatuangalia kama tumekuja kununua unga. Akatuambia dawa hiyo haitoki hovyo, rudini na daktari mwenyewe. Tuliondoka mikono mitupu. Alikufa akilia, na majirani walikuwa wanamsikia. Naomba msituletee habari za vitabuni.

Nesi wa Kaya

Mkweli, pole kwa shangazi. Siwezi kukupinga, kwa sababu ulichokisema kinatokea na kinaniumiza.

Mwaka 2017 tume ya jarida la kitabibu la The Lancet ilitoa ripoti kuhusu jambo hilihili. Walikadiria kwamba zaidi ya watu milioni 61 kwa mwaka wanapata mateso makubwa yanayotokana na ugonjwa, na kama asilimia 80 yao wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Halafu wakapiga hesabu ya dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani: kati ya tani 298.5 kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Soma tena hiyo namba ya mwisho. Shangazi yako hakukosa bahati. Aliishi upande ambao dawa haifiki.

Mwaka 2014 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio, namba yake ni 67.19, linalozitaka nchi ziingize tiba shufaa ndani ya huduma za kawaida za afya, kuanzia ngazi ya chini. Kwa hiyo unapoidai dawa hii unadai kitu ambacho nchi zenyewe zilikubaliana. Kidai. Uliza hospitali ya mkoa kama ina kitengo cha tiba shufaa. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Saratani Ocean Road. Hospitali za makanisa nazo zimefanya kazi kubwa, za Walutheri (KKKT) hasa, kwa mfano Selian kule Arusha. Mtu wa dirishani akikataa, omba kuonana na mfamasia mkuu au mganga mfawidhi. Najua inachosha wakati mgonjwa anakusubiri nyumbani.

Dawa na Watu

Mimi mfamasia, Dar. Naomba niseme kuhusu yule wa dirishani, si kumtetea bali kueleza hofu yake inatoka wapi.

Mofini inatokana na utomvu wa mpopi, mmea uleule wa afyuni. Mfamasia Mjerumani, Friedrich Sertürner, ndiye aliyeitenga mwanzoni mwa miaka ya 1800. Heroini hutengenezwa kutokana na mofini, kwa hiyo serikali zote zinaibana: rejesta, kabati lenye kufuli, saini, ukaguzi. Mtoa dawa anaogopa kwamba chupa moja isipolingana na rejesta amekwisha. Njia rahisi kwake ni kusema haipo.

Lakini watu husahau upande wa pili wa sheria hiyohiyo. Mkataba mkuu wa dunia wa dawa za kulevya wa mwaka 1961, ule unaotumika kuzibana, unatamka katika utangulizi wake kwamba matumizi ya dawa hizi kwa tiba ni ya lazima katika kuondoa maumivu na mateso, na kwamba nchi zihakikishe zinapatikana kwa kazi hiyo. Mkataba una mikono miwili: mmoja unazuia, mmoja unatoa. Kwetu tumeujua zaidi ule unaozuia. Na mofini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977.

Kuhusu uteja, maana najua swali linakuja. Tutenganishe mambo mawili. Mwili wa mtu aliyetumia mofini kwa wiki kadhaa huizoea. Ukiikata ghafla atatoka jasho, atatetemeka, tumbo litamsokota, kile vijana wanachokiita arosto. Hilo linatokana na mwili, na tunalizuia kwa kupunguza dozi polepole kama maumivu yamepungua, kwa mfano baada ya mionzi. Uteja ni kitu kingine: mtu anaisaka dawa, anadanganya, anaiba, maisha yake yanasambaratika kwa ajili yake. Kwa mgonjwa mwenye maumivu ya saratani anayefuatiliwa vizuri jambo hilo ni nadra. Akiomba dozi iongezwe, mara nyingi ni uvimbe unakua.

Na hiyo dawa ya maji ni poda inayochanganywa na maji safi na kihifadhi, ikatiwa kwenye chupa. Poda yenyewe ni ya bei nafuu. Kinachoifanya iwe adimu ni makaratasi na woga.

Mhaya wa Kampala

Naunga mkono hapo kwa mfamasia. Naishi Uganda, nafanya kazi ya afya ya jamii, na huku woga huo waliushughulikia mapema.

Daktari Anne Merriman alitoka Singapore, ambako yeye na wafamasia walikuwa wameshatafuta namna ya kutengeneza mofini ya maji kwa gharama ndogo. Akafanya kazi kwanza Nairobi Hospice, iliyoanza mwaka 1990, kisha mwaka 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda hapa Kampala. Tangu mwanzo alishika jambo moja: bila mofini ya kunywa hawezi kuanza, kwa sababu utamwendea mgonjwa na nini mkononi?

Ila kikwazo kilikuwa ni nani aandike cheti. Vijijini daktari hayupo. Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha kanuni ili wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa nao waruhusiwe kuandika mofini. Hilo ndilo lililoitoa dawa Kampala ikafika wilayani. Na serikali inaitoa bila malipo kwa mgonjwa. Chupa zina rangi kulingana na nguvu, ya kijani ndiyo hafifu, ili hata bibi asiyejua kusoma asichanganye.

Sijasema Uganda yote iko sawa, kuna wilaya dawa inakwisha na watu wanateseka. Lakini nchi isiyo na hela nyingi iliweza. Naliandika hili kwa ajili ya Mkweli hasa.

Binti Kisauni

Assalaam aleikum dada nesi, na wazee wote. Nasoma kutoka Mombasa. Mama yangu mzazi yuko na saratani ya matiti, imefika mgongoni. Tumepewa mofini, iko kwenye kabati. Ndugu zake wamekataa wanasema ni kileo, atakwenda kwa Mola wake akiwa hana fahamu, na shahada itamshinda. Mama mwenyewe anataka dawa lakini anawaogopa. Mimi ndiye ninayelala naye. Wallahi nachoka.

Mzee wa Pangani

Waalaikum salaam binti yangu. Pole sana, na Mungu akulipe kwa kumtunza mama.

Mimi si mufti. Ila kanuni hii hata madrasa tulisomeshwa: dharura huhalalisha kilichokatazwa, kwa kiasi cha haja. Wanazuoni wengi wanaruhusu dawa za namna hii anapoandika tabibu na maumivu yakawa ni ya kweli. Mchukue imamu mnayemwamini, na yule daktari au nesi wa hospisi, wakae pamoja mbele ya wajomba. Usibebe peke yako. Wajomba watamsikia imamu kwa urahisi kuliko wewe, na si vibaya, tumia njia inayofika.

Na kuhusu shahada: mtu anayegaagaa kwa maumivu hana hata nafasi ya kutamka.

Mama Teofila

Kwa sisi Wakatoliki swali hilo lilijibiwa zamani. Mwaka 1957 Papa Pius XII alipozungumza na madaktari alisema ni halali kutuliza maumivu kwa dawa hizi, hata kama zingeweza kufupisha maisha, ilimradi nia ni kutuliza na hakuna njia nyingine. Katekista wetu hakulijua, nami nikamwambia. Binti Kisauni, nakuombea.

Nesi wa Kaya

Asante Mama Teofila. Binti, niongezee upande wa kitabibu: mofini ikianzishwa kwa dozi ndogo na kupandishwa taratibu haiui mgonjwa. Siku mbili tatu za kwanza mama atasinzia sana, na sehemu ya usingizi huo ni deni la kutolala wiki nyingi. Baada ya hapo kwa kawaida anaamka, anaongea na watu kwa akili zake. Kinachopumbaza ni maumivu yenyewe. Na kwa maumivu ya mgongo ulizeni kuhusu mionzi; hata dozi moja tu inaweza kupunguza sana maumivu ya mfupa. Lakini mama akianza kulegea miguu, kufa ganzi au kushindwa kujizuia mkojo, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, mpelekeni hospitali msisubiri kesho.

Mpimeni kwa vidole. Tunatumia hii hata kwa watoto na kwa wasiosoma: ngumi iliyofumbwa ni hakuna maumivu, kidole kimoja ni kidogo, vitano ni makali yasiyo na mfano. Mwulize asubuhi, mchana, usiku, uandike kwenye daftari pamoja na saa ya dawa. Wajomba wakiona vidole vitano vimekuwa viwili, mjadala utapungua wenyewe.

Mkweli Daima

Nesi, swali bila ugomvi. Kule ambako hiyo mofini haijafika kabisa, mtu afanye nini? Shangazi kilichomtesa si maumivu tu. Harufu ya kidonda ilifanya watoto wake wasiingie chumbani.

Nesi wa Kaya

Umeuliza swali ambalo nilitamani mtu aulize.

Harufu ya kidonda cha saratani inatoka kwa bakteria wanaoishi kwenye nyama iliyokufa. Vidonge vya metronidazo, hivi vya kawaida vya kila duka la dawa, husagwa vikawa unga laini, kidonda kikasafishwa kwa maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo yakapoa, kisha unga ukanyunyizwa juu na kufunikwa kwa kitambaa safi. Rudia kila siku. Ndani ya siku chache harufu inashuka kiasi kwamba watoto wanarudi kukaa na mama yao. Kitambaa kikigandia usikivute, kiloweshe kwanza. Muulizeni muuguzi awaonyeshe mara ya kwanza.

Mdomo. Mgonjwa asiyekula mdomo wake hukauka na kuota utando mweupe. Msafisheni kwa kitambaa laini na maji ya chumvi kidogo mara kadhaa kwa siku, mpakeni mafuta midomoni. Utando ukibaki huenda ni fangasi, una dawa yake.

Kugeuzwa kila baada ya saa mbili. Mto katikati ya magoti. Shuka lisiwe na mikunjo.

Chakula ndicho kinacholeta ugomvi mwingi majumbani. Tunasema mgonjwa haulizwi uji, tunamlazimisha, anatapika, tunakasirika, analia. Mwili unaoelekea mwisho hauhitaji chakula kama zamani. Vijiko viwili vya kitu anachokipenda vinatosha. Msimlazimishe.

Na parasetamo pamoja na ibuprofeni, kama tumbo na figo zinaruhusu, zikitolewa kwa saa zake hufanya kazi kubwa kuliko zikitolewa mgonjwa akilia. Hazifikii mofini. Lakini hakuna mgonjwa ambaye huwezi kumpunguzia kitu.

Kibo Mweusi

Nimerudi. Tulikwenda na mama mwenyewe hospitali, nesi wa kitengo alimweleza kama ulivyoandika hapa na mama akakubali. Baba yuko kwenye mofini ya maji. Usiku analala. Jana alimwita mdogo wangu akamwonyesha mipaka ya kihamba, shamba letu la ukoo, kitu ambacho tulikuwa tunaogopa kukitaja. Shida moja: hajapata choo tangu tumeanza, na tumbo limejaa. Tuache dawa?

Nesi wa Kaya

Kibo, msiache. Kufunga choo ndiyo adha ya mofini ambayo haizoeleki. Kusinzia hupungua, kichefuchefu hupungua baada ya siku chache, choo hakipungui. Ndiyo maana dawa ya kulainisha choo, kama bisakodili, inatakiwa ianze siku moja na mofini. Nendeni leo mkaiombe. Uganda wanafundisha pia mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa, lakini kwa umio wa baba muulizeni kwanza nesi wenu kama zitapita. Maji kadiri anavyoweza. Akiwa anatapika na tumbo limekaza, aonwe na daktari kabla ya kumpa kitu chochote cha choo.

Mengine ya kuangalia, na haya ni kwa Binti Kisauni pia:

Akisinzia hadi haamki mnapomwita, anapumua kwa nadra sana, na mboni za macho zimekuwa kama ncha ya pini, msimpe dozi inayofuata, mpelekeni hospitali haraka. Hali hii si ya kawaida kwa dozi iliyopandishwa taratibu, lakini mwenye figo dhaifu dawa hukawia kutoka mwilini, kwa hiyo akianza kukojoa kidogo sana toeni taarifa.

Ikiwa maumivu yanarudi kabla ya saa ya dozi, andikeni kwenye daftari na mpigieni nesi. Maana yake dozi ipande. Mofini haina kiwango kimoja cha mwisho kwa watu wote. Inapandishwa hadi maumivu yatulie, mtoa huduma akiongoza. Msiongeze wenyewe kwa kukisia kijiko. Pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

Chupa ikae mbali na jua na mbali na watoto, kwenye kabati linalofungwa. Asiyeumwa asiionje. Na dawa ikibaki, irudisheni hospitali ilikotoka, isikae nyumbani wala isigawiwe kwa jirani hata kama naye anaumwa. Jirani huyo mwambieni aende akaandikiwe yake.